Nani apewe jukwaa: wageni wa maadhimisho ya uhuru katika Chuo Kikuu cha Cape Town

Swali la msomaji: "Mimi ni mhadhiri katika chuo kimoja hapa Tanzania. Uongozi umeamua kwamba kuanzia mwaka ujao tuwe na siku moja kila mwaka ya kuadhimisha haki za raia, nami nimewekwa kwenye kamati ya kutafuta mzungumzaji mkuu. Wenzangu wanataja mara kwa mara mfano wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ambako wanasema Robert Kennedy aliwahi kutoa mhadhara wa T.B. Davie. Naomba kufahamishwa ni wageni gani mashuhuri waliopita kwenye jukwaa lile, walisema nini, na je, umaarufu wa mgeni ndio unaoipa siku kama hiyo uzito?"

Jibu:

Ndugu mhadhiri, nimefurahi kwamba swali lako limekuja kabla barua ya mwaliko haijaandikwa, kwa sababu maswali ya aina hii mara nyingi huulizwa wakati mgeni ameshaondoka na kamati inajiuliza amewaachia nini.

Wenzako wamechanganya maadhimisho mawili. Mhadhara wa kumbukumbu ya T.B. Davie ni shughuli ya chuo chenyewe. Ulianza mwaka 1959, na mzungumzaji wake hualikwa kuzungumzia uhuru wa kitaaluma. Robert Kennedy, aliyekuwa seneta wa Marekani, hakutoa mhadhara huo. Alihutubia tarehe 6 Juni 1966 katika Siku ya Kuuthibitisha Uhuru wa Kitaaluma na Uhuru wa Binadamu, iliyokuwa ikiandaliwa kila mwaka na NUSAS, yaani Umoja wa Kitaifa wa Wanafunzi wa Afrika Kusini. Shughuli moja ilikuwa ya taasisi na nyingine ya wanafunzi. Zote zilitokana na dhuluma moja na zote zilifanyika katika chuo kimoja, lakini aliyetia sahihi barua ya mwaliko hakuwa mtu yuleyule, na kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia kulijibu swali lako.

Thomas Benjamin Davie alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo kuanzia mwaka 1948 hadi alipofariki mwaka 1955. Mwaka huo wa 1948 ndipo chama cha National Party kilipoingia madarakani na kuanza kuugeuza ubaguzi wa rangi kuwa mfumo kamili wa sheria, kwa hiyo uongozi wake wote ulipita katika kivuli hicho. Anakumbukwa kwa msimamo kwamba chuo kikuu lazima kiwe na uhuru wa kuamua chenyewe nani afundishe, nini kifundishwe, kifundishwe vipi, na nani afundishwe. Kipengele cha mwisho ndicho serikali ilichokiwinda zaidi. Mwaka 1959 Bunge lilipitisha sheria iliyopewa jina la upanuzi wa elimu ya chuo kikuu, ingawa kazi yake ilikuwa kufunga milango: tangu mwaka 1960 mwanafunzi asiye Mzungu hakuweza kujiunga na vyuo kama Cape Town na Witwatersrand bila kibali cha waziri. Badala yake vikaanzishwa vyuo vya kutenga watu kwa makabila na rangi, kama Turfloop, Ngoye na Bellville, na chuo cha Fort Hare, kilichowasomesha Waafrika kwa miongo mingi, kikachukuliwa na serikali. Mhadhara wa kwanza wa Davie ulitolewa mwaka huohuo wa 1959 na Albert van de Sandt Centlivres, aliyekuwa amestaafu ujaji mkuu wa nchi na wakati huo akiwa Mkuu wa Chuo.

Niongeze hapa jambo linalounganisha Cape Town na mapambano ya haki za raia nchini Marekani, kwa kuwa linahusu hasa suala la mgeni mwalikwa. Mwaka 1954 mwanauchumi Paul Sweezy alialikwa kuzungumza na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha New Hampshire, kisha mwanasheria mkuu wa jimbo akamwita na kutaka aeleze alichosema darasani. Sweezy alikataa kujibu, akatiwa hatiani kwa kudharau mahakama, na shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo ilimwondolea hatia mwaka 1957. Jaji Felix Frankfurter, katika maoni yake ya kuunga mkono uamuzi huo, alinukuu tamko la wasomi wa Cape Town na Witwatersrand lenye zile nguzo nne za uhuru wa chuo. Miaka 21 baadaye Jaji Lewis Powell akazirejea nguzo hizohizo katika shauri la Bakke, lililohusu kama chuo kinaweza kuzingatia asili ya mwombaji ili kipate wanafunzi wa rangi mbalimbali. Hoja iliyotungwa Afrika Kusini kupinga kufungiwa milango kwa wanafunzi Weusi ikawa sehemu ya sheria ya Marekani, na kesi iliyoipeleka huko ilitokana na mhadhara wa mgeni mmoja.

Sasa tuje kwa wageni wenyewe. Ungeniomba nitaje mmoja tu wa miaka ya mwanzo, nisingemtaja mtu wa ng'ambo. Ningemtaja Profesa Z.K. Matthews, aliyetoa mhadhara wa Davie mwaka 1961 kuhusu mwamko wa Waafrika na vyuo vikuu. Matthews alikuwa mtu wa kwanza kuhitimu shahada akitokea Fort Hare. Alisoma baadaye Yale na London, akarudi Fort Hare kufundisha na hatimaye akakaimu ukuu wa chuo hicho. Mwaka 1953 ndiye aliyetoa wazo la kuitisha mkutano mkuu wa watu wa rangi zote, wazo lililozaa Mkataba wa Uhuru wa mwaka 1955, yaani tamko la madai ya wapinzani wa ubaguzi, na Desemba 1956 alikamatwa pamoja na wenzake wengi kwa shitaka la uhaini. Serikali ilipokichukua chuo cha Fort Hare alijiuzulu akiwa amekaribia sana kustaafu, akapoteza pensheni yake. Huyo ndiye mtu aliyesimama mbele ya wanataaluma wa Cape Town. Kijana wa ukoo wake, kwa sheria iliyopitishwa miaka miwili tu kabla ya hapo, asingeweza kujiandikisha katika chuo hicho bila ruhusa ya waziri. Mzungumzaji wa namna hii haletwi kupamba shughuli. Kuwapo kwake ni ushahidi wa kile kinachozungumzwa, na wasikilizaji hawana pa kujificha.

Kwa upande wa Kennedy, lazima tumweke kwenye mazingira yake, la sivyo tutabaki na jina kubwa na sentensi moja nzuri. Aliyemwalika ni NUSAS, na viza yake ilikawia kwa miezi. Mwezi Mei 1966, wiki chache kabla mgeni hajafika, serikali ilimwekea rais wa NUSAS, Ian Robertson, amri ya zuio ya miaka mitano chini ya Sheria ya Kukandamiza Ukomunisti. Kuanzia hapo hakuruhusiwa kushiriki mikutano, wala kunukuliwa magazetini, wala kukaa na zaidi ya mtu mmoja kwa wakati. Mwenyeji akawa hawezi kuhudhuria shughuli aliyoiandaa mwenyewe. Waandishi wa habari wa nje waliotaka kufuatana na Kennedy walinyimwa viza, na Waziri Mkuu Hendrik Verwoerd alikataa kuonana naye. Mzigo wa kumpokea mgeni ukamwangukia makamu wa Robertson, Margaret Marshall, binti wa miaka 21, ambaye miaka mingi baadaye, akiwa amehamia Marekani, alikuja kuwa Jaji Mkuu wa jimbo la Massachusetts.

Jioni ile wanataaluma na wanafunzi waliingia kwa maandamano katika Ukumbi wa Jameson, ambao tangu mwaka 2018 unaitwa Ukumbi wa Sarah Baartman, wakiwa na mwenge wa uhuru wa kitaaluma uliozimwa. Jukwaani kiliwekwa kiti kitupu kwa ajili ya Robertson. Ukumbi ulikuwa umefurika, na maelfu walibaki nje wakisikiliza kupitia vipaza sauti. Mtanzania aliyekulia katika kumbukumbu ya Mwenge uliowashwa juu ya Kilimanjaro Desemba 1961 hahitaji kuelezwa maana ya kubeba mwenge usio na moto mbele ya halaiki.

Hotuba yenyewe ilifunguliwa kwa ustadi ambao kila kamati ya maandalizi ingefaa kuusoma. Kennedy alisema amekuja kwa sababu ya mapenzi yake kwa nchi iliyokaliwa na Waholanzi katikati ya karne ya 17, kisha ikachukuliwa na Waingereza, nchi ambayo wenyeji wake walitiishwa kwanza na ambayo uhusiano nao ungali tatizo, nchi iliyowahi kuingiza watumwa na ambayo sasa inahangaika kufuta mabaki ya utumwa huo. Wasikilizaji wote walidhani wanajua nchi hiyo ni ipi, ndipo akawaambia kwamba anaizungumzia Marekani. Kwa sentensi hiyo aliikata mapema hoja ya watetezi wa serikali, kwamba Mmarekani amekuja kuwafundisha wengine usafi na ilhali kwake hakujafagiliwa. Mbele zaidi akasema maneno yanayonukuliwa hadi leo: kwamba kila mtu anaposimamia jambo la haki, au kufanya jitihada ya kuboresha hali ya wengine, au kuipinga dhuluma, hutoa kiwimbi kidogo cha matumaini, na viwimbi hivyo vinapokutana kutoka pande nyingi hufanya mkondo wa kuweza kuangusha kuta nene za ukandamizaji. Maneno hayo yamechongwa kwenye jiwe pale alipozikwa, katika makaburi ya Arlington.

Hata hivyo, tukio ninalolithamini zaidi katika ziara ile halikutokea jukwaani. Kennedy alikwenda nyumbani kwa Robertson, maana Robertson asingeweza kuja kwake, akamkabidhi nakala ya kitabu cha marehemu kaka yake, Rais John F. Kennedy. Robertson alisimulia baadaye kwamba mgeni alimuuliza kama nyumba ilikuwa imetegwa vinasa sauti; alipojibiwa kwamba huenda imetegwa, akaruka na kutua sakafuni kwa kishindo, akieleza kwamba mtikisiko huo huvivuruga vyombo hivyo kwa muda. Seneta wa Marekani anayetajwa kuwa rais mtarajiwa anarukaruka katika sebule ya mwanafunzi ili wapate dakika chache za kuzungumza bila kusikilizwa. Siku mbili baadaye alipanda helikopta hadi Groutville kumwona Chifu Albert Luthuli, kiongozi wa chama cha ukombozi cha ANC, ambaye naye alikuwa amewekewa zuio. Alipoondoka Afrika Kusini alikuja Tanzania na kukutana na Mwalimu Nyerere, kisha akaendelea hadi Kenya na Ethiopia. Ukizitazama siku hizo kwa pamoja utaona kwamba alijua anaowatembelea ni nani: alitumia nafasi yake, ambayo serikali iliiogopa, kufika kwa watu ambao serikali hiyohiyo ilikuwa imewafunga midomo. Hapo ndipo umaarufu wa mgeni unapokuwa na kazi. Kama Kennedy angehutubia, akapigwa picha na viongozi wa chuo na kuondoka, hotuba ingekuwa nzuri vilevile, lakini nisingekuwa na sababu ya kuwashauri muifuate.

Kuna mgeni mwingine wa mwaka huohuo ambaye hakufika kabisa. Martin Luther King alialikwa na wanafunzi wa Afrika Kusini, akaomba viza, na mwaka 1966 akakataliwa. Seneta Mzungu wa chama kikubwa aliruhusiwa kuingia. Mchungaji Mweusi aliyekuwa amepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1964, na aliyeongoza harakati zenyewe ambazo seneta alikuja kuzizungumzia, hakuruhusiwa. Kwa sababu hiyo huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba orodha ya waliohutubia katika chuo chochote haisomeki vizuri mpaka iwekwe karibu na orodha ya walioalikwa wakazuiwa.

Tena wapo wanaozuiwa na chuo chenyewe. Mwaka 1968 mhadhara wa Davie ulitolewa na Erik Erikson, mwanasaikolojia mashuhuri kutoka Marekani. Mwaka huohuo Baraza la Chuo lilikuwa limemchagua Archie Mafeje, Mwafrika aliyesomea anthropolojia hapohapo, kuwa mhadhiri mwandamizi. Serikali ilitoa vitisho, na Baraza likaufuta uteuzi. Hapakuwa na sheria iliyokataza waziwazi ajira hiyo. Shinikizo la waziri lilitosha. Mwezi Agosti wanafunzi wapatao 600 waliingia katika jengo la utawala la Bremner na kukaa humo kwa siku tisa wakidai Mafeje aajiriwe, na hawakufanikiwa. Nguzo ya kwanza ya Davie, ile ya nani afundishe, iliachiliwa na taasisi iliyokuwa ikiadhimisha jina lake kila mwaka. Mafeje alikuja Dar es Salaam, akaongoza Idara ya Sosholojia ya Chuo Kikuu, na wanafunzi wa huku wakapata mwalimu ambaye Cape Town ilimkosa kwa hiari yake. Miaka ya 1990, wakati ubaguzi wa kisheria ulikuwa umevunjika au unavunjika, aliomba tena nafasi pale na hakupewa. Chuo kiliiomba radhi familia yake mwaka 2008 na kumtunuku shahada ya heshima. Yeye alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Habari ya Mafeje inanigusa kuliko hotuba zote nilizozitaja, nami nasema hivyo bila kupunguza heshima ya hotuba hizo. Hata kabla ya sheria ya mwaka 1959 chuo kile hakikuwa wazi kwa kiwango ambacho mwenge uliozimwa ungemfanya mtu aamini: wanafunzi Waafrika walikuwa wachache sana, waliruhusiwa kuingia madarasani, lakini hawakukaribishwa katika dansi za chuo wala katika timu zake za michezo. Maadhimisho ya kila mwaka yalikuwa ya dhati, na waliohudhuria walijiweka hatarini kwelikweli. Wakati huohuo yaliwezesha taasisi kuizungumzia dhuluma ya serikali kwa sauti kubwa na ya kwake kwa sauti ndogo.

Miaka ya 1980 swali la wageni lilichukua sura nyingine, kwa kuwa vyama vya ukombozi na wafuasi wao duniani walikuwa wametaka Afrika Kusini isusiwe hata katika taaluma, na kila mwalikwa alipaswa kujiuliza kama ni halali kwenda. Howard Zinn alikwenda mwaka 1982. Alikuwa mwanahistoria aliyefukuzwa kazi Spelman College, chuo cha wasichana Weusi mjini Atlanta, mwaka 1963, baada ya kusimama na wanafunzi wake katika harakati za haki za raia. Mhadhara wake ulihusu ushirikiano na upinzani, na hoja yake ilikuwa kwamba uhuru wa kitaaluma unaoishia ndani ya geti la chuo ni mfinyu mno: wasomi wakijivunia uhuru wa kusema darasani huku elimu yao ikiutumikia mfumo unaowakandamiza watu nje, wamekwisha kuwa washirika wa mfumo huo. Vyuo vya Marekani navyo alivipima kwa mizani hiyohiyo. Miaka minne baadaye Conor Cruise O'Brien, mwandishi na mwanasiasa wa Ireland, ambaye hakuwa mgeni wa mhadhara wa Davie, alikwenda kufundisha Cape Town akiupinga ususiaji huo hadharani. Wanafunzi walivuruga vipindi vyake hadi vikasitishwa. Mmoja alifika akiwa na rekodi ya kugharimika kwa ajili ya wanafunzi Weusi wa kwao, mwingine alifika kuthibitisha haki yake ya kufika. Wanafunzi waliona tofauti hiyo upesi, ingawa sitetei kumnyamazisha mzungumzaji kwa fujo.

Mwaka 1991, Mandela akiwa huru na katiba mpya ikiwa bado haijaandikwa, alikuja Edward Said, Mpalestina aliyekuwa akifundisha Columbia. Said alikuwa na sababu zote za kuwaambia waliodhulumiwa kwamba sasa ni zamu yao kukitawala chuo. Badala yake aliwapa picha mbili za msomi: mtawala anayeketi juu ya himaya yake akiilinda, na msafiri anayevuka mipaka na kukubali kubadilishwa na anachokikuta. Aliwasihi wachague kuwa wasafiri, akiwaonya kwamba utambulisho wa taifa, hata wa taifa lililoonewa, ukifanywa kuwa msingi pekee wa elimu, huzaa kifungo kingine. Nauhesabu kuwa mhadhara bora kuliko yote niliyoisoma katika mfululizo ule, kwa sababu uliwaambia waalikaji jambo ambalo wakati ule wa furaha halikuwa rahisi kulisema. Noam Chomsky, mwanaisimu wa Marekani na mkosoaji wa siasa za nchi yake, alifuata mwaka 1997 akizungumzia demokrasia ya soko. Wanaompenda watausoma, nami sina la kuongeza.

Miaka ya karibuni ina mafunzo mawili. Kamati ya uhuru wa kitaaluma ya chuo ilimwalika Flemming Rose, mhariri wa gazeti la Denmark lililochapisha mwaka 2005 katuni za Mtume Muhammad zilizowaumiza Waislamu kote duniani, awe mzungumzaji wa mwaka 2016. Julai mwaka huo uongozi, chini ya Makamu Mkuu wa Chuo Max Price, uliufuta mwaliko ukitaja hofu ya migogoro chuoni, usalama, na uwezekano kwamba ziara ingeurudisha nyuma uhuru wa kitaaluma badala ya kuuendeleza. Ninyi mnaishi katika nchi ambayo suala hilo linagusa imani ya majirani na wanafunzi wenu, kwa hiyo niseme msimamo wangu wazi. Kamati ina haki kamili ya kutomwalika mtu, na heshima kwa wasikilizaji ni sababu halali ya kuchagua mwingine. Mwaliko ukishatoka, kuufuta ni jambo zito zaidi kuliko kutoutoa, kwa maana unampa mgeni ushindi ambao pengine hoja zake zisingempa, na unaifundisha jumuiya nzima kwamba neno la chuo linaweza kurudishwa nyuma. Fanyeni ubishi wenu wote kabla ya barua kutoka.

Mwaka 2017 alialikwa Mahmood Mamdani, na huyu anatuhusu moja kwa moja. Alikulia Kampala, akaenda Marekani mwaka 1963 kwa ufadhili wa masomo, na mwaka 1965, akiwa mwanafunzi wa Pittsburgh, alipanda basi na wenzake kwenda Montgomery, Alabama, kushiriki maandamano ya haki za raia. Alikamatwa. Amesimulia kwamba alipompigia simu balozi wa Uganda kuomba msaada, balozi alimuuliza kwa nini anaingilia mambo ya ndani ya nchi ya kigeni, naye akajibu kwamba hayo si mambo ya ndani, ni mapambano ya uhuru kama yale waliyotoka kuyapigana kwao. Alifundisha Dar es Salaam na Makerere, na mwaka 1996 akapewa Cape Town kigoda, yaani wadhifa wa uprofesa, cha masomo ya Afrika, kilekile ambacho Mafeje aliwahi kukiomba. Mpango wake wa somo la msingi kuhusu Afrika ulikataliwa, akauliza hadharani kama masomo ya Afrika yanageuzwa kuwa makao mapya ya elimu ya kibaguzi, kisha akaondoka. Alirudi kama mgeni wa mhadhara wa Davie miaka miwili baada ya wanafunzi kushinikiza sanamu ya mkoloni Mwingereza Cecil Rhodes iondolewe chuoni, tukio la Aprili 2015.

Alichowaletea kilikuwa historia yetu. Aliwaeleza mabishano ya Makerere ya Ali Mazrui, aliyetetea usomi usio na mipaka, na ya Dar es Salaam ya Walter Rodney, aliyetaka msomi aliyejifunga na jamii yake, akaonyesha kwamba chuo kinahitaji mvutano wa pande zote mbili. Aliwakumbusha pia kwamba Kiafrikana, lugha ya Makaburu, kiligeuzwa kuwa lugha ya sayansi na sheria ndani ya muda mfupi kwa sababu dola iliwekeza katika vyuo, kamusi na uchapaji, wakati lugha za Waafrika walio wengi hazikupewa rasilimali hizo. Kwa msomaji wa Kiswahili hoja hiyo haihitaji ufafanuzi. Ninachotaka ukitazame ni kwamba chuo kilimpa jukwaa kuu mtu ambaye kiliwahi kugombana naye, na mhadhara ukapata uzito kwa sababu kila aliyekuwapo aliijua historia hiyo.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu umaarufu ni kwamba unajaza ukumbi na unaweza kumkinga mwenyeji, na zaidi ya hapo hauna kazi. Kabla hamjatafuta jina la mtu wa mbali, pitieni kumbukumbu za chuo chenu wenyewe: nani alifukuzwa kwa kuongoza mgomo, nani alinyimwa mkataba kwa sababu ya alichoandika, nani aliomba kazi akakataliwa bila maelezo. Mkimpata mmoja wao aliye hai na anayejua kupanga hoja, mwalikeni awe wa kwanza. Barua itiwe sahihi na serikali ya wanafunzi pamoja na uongozi, kwa sababu shughuli ya mwaka 1966 isingekuwa vile ilivyokuwa kama ingeandaliwa na ofisi ya utawala peke yake. Mzungumzaji mkuu asichanganywe na mgeni rasmi. Kama itifaki inawalazimu kuwa na kiongozi wa serikali, akaribishwe kwa heshima zote na apewe dakika zake, lakini ratiba isisubiri msafara wake na saa ya maswali isiliwe na salamu.

Tarehe pia ichagueni kwa sababu iliyo yenu. Aprili 1990 wanataaluma walipitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa kitaaluma na wajibu wa wasomi kwa jamii, na Novemba mwaka huohuo likafuata Azimio la Kampala. Aprili ingewafaa vizuri, ila angalieni isigongane na tamasha la Kigoda cha Mwalimu Nyerere pale Mlimani, lililofunguliwa mwaka 2009 kwa mihadhara ya Wole Soyinka, maana wageni na wasikilizaji wenu ni walewale.

Suala la uchapaji msiliache hadi mwisho. Mihadhara ya Matthews, Zinn na Said tunaisoma leo kwa sababu ilichapishwa, si kwa sababu kuna aliyeikumbuka. Mwombeni mgeni awasilishe andiko kamili kabla ya siku yenyewe, fedha za uchapaji zitengwe katika bajeti ileile ya usafiri na chakula, na kama atazungumza kwa Kiingereza, tafsiri ya Kiswahili iwe tayari mlangoni siku hiyohiyo ili hata waliokosa nafasi ukumbini wapate cha kusoma.